Mbegu za Mama Mmoja

Bahasha alijibu swali kabla halijaisha, na hapo ndipo Sindano alipoweka kalamu mezani.

"Mbegu ni ile ile," alisema mtunza ghala huyo, macho yakiwa kwenye vidole vyake, "udongo ni ule ule, chungu ni kile kile, maji ni yale yale. Kituo cha pili kilipelekewa sawa na cha tatu. Kama kwao nyasi hazikukua zaidi, tatizo si ghala, mama."

Kituo kizima kilimwita Bahasha kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima mbegu kwenye mizani ndogo, kuzitia kwenye bahasha za kaki na kuzifunga kwa gundi. Alikuwa mtu mnene, mwenye kucheka upesi. Leo hakuwa amecheka hata mara moja.

"Rudia," alisema Sindano.

"Nirudie nini?"

"Hicho ulichosema."

"Mbegu ni ile ile, udongo ni ule ule, chungu ni kile kile..."

"Maji ni yale yale. Asubuhi Kaimu, bosi wako, ameniimbia wimbo huo huo ofisini kwake, na alivuta pumzi pale pale unapovuta wewe. Nani mtunzi?"

"Mama, mimi siimbi. Mimi nafunga bahasha."

Sindano hakuwa mtaalamu wa mimea. Jina lake hilo alipewa na wenzake katika idara ya upelelezi, kwa namna alivyouliza maswali madogo yanayoingia ndani. Kamati ya utafiti ilikuwa na wajuzi wa nyasi wa kutosha. Ilichokosa ni mtu wa kusikiliza watu, ndiyo maana ikamwazima kwa polisi.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Profesa, mkuu wa kituo hiki, alitangaza kwamba nyasi zikipandwa pamoja na kunde hukua vizuri zaidi kuliko zikipandwa peke yake, na kwamba malisho yaliyochoka yanaweza kufufuliwa kwa njia hiyo. Vituo viwili vingine vikarudia jaribio lake. Vyote viwili havikuona tofauti yoyote. Mkurugenzi wa kituo cha pili akasema hadharani kwamba matokeo ya Profesa yalipikwa. Profesa alikuwa amelazwa hospitalini maneno hayo yaliposemwa, na hakutoka hai. Sasa kamati ilitaka jibu. Ikithibitika alipika, kazi yake yote itafutwa, na binti yake, aliyekuwa mpimaji wake wa maabara, atabaki na jina la mtoto wa mwongo.

"Tufanye hivi," alisema Sindano. "Nisimulie kutoka mwisho. Anza na maji."

Bahasha alijikuna shingo. "Maji ni ya bomba. Yanachujwa kwanza."

"Chungu?"

"Cheusi, cha plastiki. Kina matundu chini."

"Udongo?"

"Umeokwa. Tunautia kwenye tanuri mpaka kila kidudu kife, halafu tunaupepeta."

"Mbegu?"

"Ile ile."

"Ile ile na ipi?"

Bahasha akatazama mlango. Sindano naye akageuka. Katika mwanya wa chini ya mlango palikuwa na vivuli viwili vya viatu, vimetulia. Akangoja. Vivuli havikusogea. Kisha mlango ukagongwa kwa adabu, na Kaimu akaingia na vikombe viwili vya chai juu ya sinia.

"Nimeona niwaletee kitu cha moto."

"Imepoa," alisema Sindano, akigusa kikombe.

Kaimu alitabasamu. Alikuwa mwanafunzi wa Profesa tangu ujana, akila mezani kwake, na sasa alikaimu kiti chake akisubiri kuthibitishwa. Shati lake lilikuwa na mikunjo ya pasi iliyonyooka kama imepigiwa rula. Alipoweka sinia, mkono wake uliichukua kalamu ya Sindano iliyolala upande, ukailaza sambamba na ukingo wa meza. Sindano alimwacha amalize.

"Kuna jambo, afande," alisema Kaimu. "Kila mzigo ukienda vituoni, bahasha chache hubaki humu kama akiba. Jana nimekagua sanduku. Moja imefunguliwa na kufungwa upya."

Alivuta sanduku kutoka rafu ya chini bila kulitafuta. Bahasha zilikuwa zimepangwa wima. Gundi yao yote ilikuwa nyeupe, isipokuwa ya bahasha moja katikati, iliyokuwa ya manjano na imevuja pembeni.

"Nani ana ufunguo wa ghala?"

"Huyu hapa ana mmoja. Wa pili..." Kaimu alishusha pumzi. "Sipendi kusema."

"Umeshaanza, malizia."

"Binti wa Profesa."

"Umeligundua jana. Mbona asubuhi hukuniambia?"

"Nilikuwa napima maneno. Yule ni dada yangu, afande. Si wa damu, lakini ni dada yangu."

Sindano alichukua ile bahasha, akaipima mkononi, kisha akachukua nyingine. Ya manjano ilikuwa nyepesi. Akamtazama Bahasha. Jamaa alikuwa anatazama sakafu kwa bidii kubwa, kama mtu aliyeangusha sindano kweli.

"Nyie wawili," aliuliza Sindano, "mlikaa lini kupatana maneno?"

"Hatujapatana chochote," alisema Kaimu.

"Bosi alisema tukisimulia tofauti tutaonekana waongo," alisema Bahasha.

Walisema kwa pamoja. Kaimu akaanza kukusanya vikombe vya chai ambayo hakuna aliyekuwa ameinywa.

Kwa miaka yake yote ya kazi, Sindano hakuwahi kukuta watu wawili walioona ajali moja wakaisimulia sawasawa. Mmoja ataanza na breki, mwingine na kelele za muuza matunda. Wakianza wote na breki na kumaliza wote na kelele, basi kuna aliyewaketisha. Maelezo ya Binti, yaliyokuwa kwenye jalada la kamati, yalikuwa yamepigiwa mstari mwekundu kwa sababu yalijipinga mahali pengi. Ni hayo tu ambayo Sindano aliyasoma mara mbili.

* * *

Alimkuta Binti nyuma ya nyumba ya kwanza ya vioo ya kukuzia mimea, kwenye kichochoro kati ya ukuta na uzio, mahali pa kutupia vyungu vilivyopasuka. Alikuwa ameshika kopo la kumwagilia. Mbele yake, nyuma ya rundo la mbao, palikuwa na vyungu vizima vipatavyo kumi na kitu, vyenye nyasi zilizoanza kukauka na kutoa masuke.

"Gundi ya manjano ni yako?"

Binti hakushtuka. "Ni ya viatu. Ndiyo iliyokuwepo nyumbani."

"Umefungua kielelezo, umekipunguza, umekibandika kwa gundi ya viatu. Mwizi wa kuku anajificha kuliko wewe, mwanangu."

"Sikuwa najificha. Nilikuwa na haraka."

"Ya nini?"

Binti aliweka kopo chini. Alikuwa amevaa koti la maabara lililomzidi mabega, mikono imekunjwa mara mbili. Sindano hakuhitaji kuuliza lilikuwa la nani.

"Habari zilipofika kwamba kwa wenzetu nyasi hazikukua zaidi, baba alikuwa wodini. Aliniuliza swali moja tu. Aliniuliza, 'Ziliota siku moja?' Nikamwambia sijui, kwani mimi nilikuwa huko? Akafumba macho. Nilidhani ni dawa zinaongea. Baada ya mazishi nikalikumbuka. Nikachukua mbegu nusu ya bahasha, nikazitandaza juu ya pamba mbichi, kwenye sahani."

"Zikaota?"

"Zote. Asubuhi moja. Zimesimama kama wanafunzi wamesikia kengele."

"Hilo ni baya?"

"Si baya. Ila mbegu za baba hazikuwa zikiota hivyo. Zilikuwa zinakuja kama wageni walioalikwa saa nne, huyu saa nne, yule saa saba, mwingine kesho yake anauliza kama chakula kipo. Nilikuwa nakesha nazipima. Mimi ndiye najua."

"Kwa hiyo zilizotumwa si zile."

"Si zile."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nini?" Sauti yake haikupanda. "Mbegu zilitoka kituo cha nani? Cha baba. Ningesema ni tofauti, wangesema Profesa katuma mbegu feki makusudi, wenzake washindwe kumkagua. Na nisikufiche, mama. Hata mimi nilidhani hivyo. Nimelala na jambo hilo tangu tumzike."

Sindano alimtazama kwa muda. Mtoto anayemtetea baba yake kwa uongo huwa na jibu lililonyooka. Huyu alikuwa amempa polisi silaha ya kumpigia baba yake mwenyewe.

Akachuchumaa mbele ya vyungu. "Na hizi?"

"Ndizo za baba. Za jaribio la kwanza. Kaimu aliagiza zitupwe, nikazileta huku."

Sindano alizitazama kama anavyotazama watu waliopangwa mstari kwa ajili ya utambuzi. Hakukuwa na mbili zilizofanana. Moja ilikuwa na shina jekundu chini. Nyingine majani yake yalikuwa na manyoya laini. Moja ilitoa masuke mapema yakaanza kuinama, jirani yake ndiyo kwanza yanachomoza. Katika vyungu vyenye kunde, nyasi nyingi zilikuwa ndefu na nene kuliko zile zilizopandwa peke yake. Si zote.

"Hii ina kunde na bado ni fupi kama kigoda."

"Hiyo mvivu. Ilikula, haikukua. Baba alikuwa anaiita shemeji."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Sindano alicheka. Kisha akainua kidole. Palikuwa na sauti ya maji. Haikutoka kwenye kopo. Ilitoka ng'ambo ya kichochoro, kwenye nyumba ya pili ya vioo, ambayo vioo vyake vilipakwa chokaa kiasi kwamba usingeweza kuona ndani. Bomba lililoingia ukutani lilikuwa linadondosha, na ardhi chini yake ilikuwa nyeusi kwa unyevu, imeota ukungu wa kijani.

"Mle kuna nini?"

"Fangasi. Kaimu aliifunga kabla mbegu hazijaenda vituoni. Hata mimi siruhusiwi, wasije wakanasa kwenye viatu vyangu."

Sindano aligusa bomba. Lilikuwa baridi. Maji yalikuwa yanapita ndani yake wakati huo huo.

"Fangasi wa kwenu wana kiu," alisema.

* * *

Kaimu alisema ufunguo wa nyumba ya pili umepotea.

"Hakuna neno," alisema Sindano. "Fundi atakuja na msumeno. Utamlipa wewe au kituo?"

Kaimu aliingiza mkono mfukoni, akautoa ufunguo.

"Loo. Umepatikana upesi."

Mlangoni Bahasha alikuwa ameshafika, anahema, bila kuitwa. Binti alisimama nyuma yake. Sindano aliwaacha wote waingie, kwa sababu alitaka kuona nani atatazama wapi.

Ndani palikuwa na joto na usafi wa hospitali. Hapakuwa na fangasi. Kulikuwa na meza mbili ndefu. Ya kulia ilikuwa na vyungu vya nyasi peke yake. Ya kushoto ilikuwa na vyungu vya nyasi pamoja na kunde. Kila chungu kilikuwa cheusi, kila kimoja kimeachana na mwenzake kwa nafasi sawa, na juu yake bomba jembamba lilikuwa linanyunyiza.

Binti alitazama nyasi. Bahasha alimtazama Kaimu. Kaimu alitazama kibandiko cha chungu kimoja kilichokaa upande, mkono wake ukaanza kunyanyuka, akaurudisha.

Sindano alichukua rula ndefu ya mbao iliyoegemezwa ukutani, akailaza juu ya ncha za nyasi za meza ya kulia. Ikatulia kama imewekwa juu ya zulia. Akaenda meza ya kushoto, akailaza tena. Ikatulia vile vile. Akapima urefu huku, akapima na kule. Hakukuwa na tofauti ya kuizungumzia. Mashina yote yalikuwa ya kijani kibichi, majani yote laini, hata masuke yaliinamia upande mmoja.

"Mbegu ni ile ile," alisema Sindano. "Sasa nimeuelewa wimbo. Haya niambie, Kaimu. Hizi zilipandwa lini?"

"Ni majaribio ya kujifunzia tu."

"Sijauliza ni za nini."

"Wakati mmoja na vituo vingine."

"Kamati uliiambia nini? Kwamba jaribio hili halikuwahi kurudiwa hapa. Sivyo?"

Mkono wa Kaimu ulikwenda tena kwenye kile kibandiko.

"Kwa hiyo uliona kwa macho yako. Kabla Mkurugenzi wa kituo cha pili hajafungua mdomo, wewe ulikuwa umeshajua kwamba mbegu hizi, hata hapa nyumbani kwake Profesa, kwa maji yake, hazijali kunde ipo au haipo."

"Mimi nilisema, bosi," alisema Bahasha. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Si nilikuambia tuseme? Mama, kulikuwa na gunia. Gunia la Profesa mwenyewe. Alizikusanya kilimani, shina hadi shina, huku kidogo na kule kidogo, nyasi za kila namna lakini jamii moja. Zimechanganyika. Bosi akaja akasema, hizi haziwezi kwenda kwa watu namna hii. Tutafute mama mmoja, anayeota kwa mkupuo, tumzalishe, tumtume yeye. Nami nikamtafuta. Nilifurahi hata, nilimpata mzuri."

"Na gunia?"

"Tulilichoma."

"Lilikuwa na wadudu," alisema Kaimu.

"Halikuwa na wadudu."

"Mkachukue mbegu nyingine kilimani, basi," alisema Sindano.

Binti ndiye aliyejibu. "Kilima hakipo. Kinachimbwa kokoto."

Bomba jembamba lilimaliza kunyunyiza na kujizima. Sindano alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake. Alionyesha kwa kidole ndoo nyingine, na Kaimu akakaa, magoti yamebana, shati lake bado limenyooka.

"Ulimchukia?"

"Nani?"

"Mwalimu wako."

"Alinilea!" Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupanda. "Hujui walivyokuwa wanamcheka. Kwenye mikutano. Mkurugenzi yule alikuwa anauliza mbele za watu, mzee, hizo ni nyasi au ni saladi? Kila chungu kina chake. Nikasema, watakaporudia jaribio lake, sitaki wapate pa kushika. Kila kitu kiwe sawa. Mbegu moja, udongo safi, maji safi, chungu kimoja. Yeyote, popote, apate jibu lile lile. Ndivyo tunavyofundishwa. Ukitaka jambo lirudiwe, ondoa kila kinachotofautiana."

"Na yeye alijua?"

"Alikuwa ameanza kuumwa. Sikutaka kumsumbua."

"Aliyoandika yeye yalisemaje kuhusu mbegu?"

Kaimu alimtazama Binti, kisha akainama. "Aliandika 'nyasi.' Neno moja. Hakuandika kama ni mchanganyiko au siyo. Mimi nikajaza pengo."

"Si kweli," alisema Binti.

"Dada, unajua ni kweli. Ulichapa wewe."

Binti alishika ukingo wa meza.

"Kwake yeye lilikuwa jambo lililo wazi," Kaimu aliendelea, taratibu sasa. "Nani amewahi kuona malisho ambayo nyasi zote ni watoto wa mama mmoja? Asingefikiri kwamba mtu ataliuliza."

"Haya, majibu yakaja mabaya," alisema Sindano. "Ukayaona hapa kwanza. Mzee yuko kitandani, anaitwa mwongo. Ulihitaji sentensi moja tu. 'Mbegu nilibadilisha mimi.' Ilikushinda nini?"

"Nilisema nitasubiri apone."

"Alipokufa?"

"Nilisema nitasubiri msiba upite."

"Na msiba ulipopita ukampa polisi bahasha yenye gundi ya manjano."

Kaimu alifunika uso kwa mikono miwili. Hakuna aliyemgusa. Hatimaye Bahasha alitoa leso mfukoni, akaitazama, akaona ni chafu, akairudisha.

"Kesho utakwenda kwenye kamati," alisema Sindano, "na utaeleza haya kwa maneno yako. Na wewe, Bahasha, utaeleza kwa ya kwako. Msikae pamoja kabla. Nikisikia neno moja limelingana, narudi."

* * *

Nje, Binti alimfuata hadi kwenye kivuli cha ukuta.

"Kwa hiyo utaandika baba alikuwa sahihi."

"Hapana."

Binti alisimama.

"Nitaandika hakupika," alisema Sindano. "Hilo nina mashahidi wake, na mmoja ni yule shemeji kwenye chungu. Nitaandika pia kwamba aliacha jambo kubwa bila kulisema, na ukimya wake ndio uliompa mwingine nafasi. Utaniona mbaya, lakini ndivyo ilivyo. Kuhusu kuwa sahihi, mimi sijui. Hata yeye hakujua. Alipata jibu hapa, kwa mikono yake, chini ya vioo hivi. Mara moja."

"Lakini umeziona. Umeona zilivyokua."

"Nimeona. Nilipokuwa askari mgeni nilimuuliza mwanamke mmoja kuhusu jirani yake, nikamuuliza tena, nikamuuliza mara kumi. Kila mara jibu lile lile. Nikamwendea mkuu wangu nikasema nina ushahidi wa mara kumi. Akaniambia, una shahidi mmoja mwenye subira. Kaka yako kafanya hivyo hivyo. Kauliza nyasi moja mara mia, akaipa chumba kimoja na udongo uliokufa, ikamjibu inavyojua yenyewe. Baba yako angalau aliuliza mtaa mzima. Ila na yeye aliuliza mtaa mmoja."

"Sasa anayejua ni nani?"

"Bado hayupo. Watakuwa ni wale wawili waliomkana, kama watakubali kuuliza tena. Kwa mbegu zilizochanganyika."

Binti aligeuka kutazama kichochoro. Masuke ya vyungu vile yalikuwa yamekomaa, mengine yameshaanza kupukutika.

"Hizo ndizo zilizobaki," alisema. "Duniani."

"Najua."

"Nikimpa Mkurugenzi yule, akazipanda vibaya makusudi?"

"Kituo cha tatu watakuwa na nusu yake. Wawili hao hawapatani hata kwa salamu, nimeuliza. Hawawezi kukosea namna moja."

"Na wasipoona kitu wote wawili?"

"Nitaandika hawakuona kitu. Basi, mwanangu. Ukitaka, zibaki hapa uzimwagilie. Hakuna sheria inayokulazimisha. Baba yako ataondolewa kosa la kupika, na swali litafungwa hivyo hivyo lilivyo."

Binti aliingia maabara, akatoka na mkasi na karatasi pana. Akapiga magoti na kuanza kukata, chungu kwa chungu, na kila suke alilipukusa juu ya karatasi hadi likawa tupu. Alipofika kwa shemeji alisita, akakata naye. Bahasha alikuja akachuchumaa pembeni bila kuombwa. Kwa mazoea vidole vyake vikaanza kutenga punje ndogo na zilizojikunja.

"Acha," alisema Binti. "Usichague."

"Hizi hata haziwezi kuota."

"Zilizotaka kuota zitaota. Weka zote. Changanya, ugawe mara mbili."

"Ya akiba?"

"Hakuna ya akiba."

Sindano alipiga simu kituo cha pili, akaeleza kwa ufupi, akaweka sauti wazi ili wote wasikie. Mkurugenzi alisikiliza bila kukatiza. Sauti yake ilipokuja ilikuwa ya mzee, yenye kukwaruza.

"Yaani mnataka nirudie tena. Maagizo ya kwanza yalikuwa marefu kama hotuba. Haya ya sasa yana kurasa ngapi? Nioke udongo kwa moto gani? Nichuje maji mara ngapi?"

Sindano alimpa Binti simu. Binti aliishika kama kitu cha moto.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ni nani?"

"Ni mimi. Binti yake."

Mkurugenzi alikohoa.

"Usioke udongo," alisema Binti. "Usichuje maji. Tumia udongo mlio nao."

"Wetu ni mfinyanzi. Na huku jua ni kali kuliko kwenu. Mpimaji wangu ni mgeni, hata rula anaishika kinyume."

"Sawa."

"Sawa nini? Baba yako angekasirika."

"Labda."

Waliisikia pumzi yake. Kitu kama kiti kililia upande wa pili.

"Sikuja mazikoni," alisema.

"Najua. Nilikutafuta kati ya waliokuja."

"Zikikua zaidi penye kunde, nitasema nilikosea. Mbele za watu, pale pale niliposemea. Zisipokua, binti, nitasema hazikukua. Sitakuonea huruma."

Bahasha alikuwa amemaliza kugawa. Alishika mafungu mawili ya karatasi, moja kila mkono, akisubiri kuambiwa.

"Sema chochote utakachokiona," alisema Binti. "Mimi nakuomba kitu kimoja. Usijaribu kupanda kama yeye. Panda kama unavyopanda wewe."